Malalamiko Kuhusu Kisambaza Waifai Kilichoikata Adhana Yangu

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Ofisi ya Intaneti ya Wilaya,
Kokand.

YAH: KISAHANI CHENU CHEUPE NA SIKIO LA MJUKUU WANGU

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini. Kama wewe ni mzaliwa wa hapa, ruka aya hii, kwa sababu umeshakula chakula cha mkono wangu. Lakini naambiwa umehamishiwa kwetu kutoka Tashkent, na huko watu hujuana kwa namba za milango, kwa hiyo nitajitambulisha. Mimi ni Abduvohid Egamberdi, mpishi wa pilau za karamu, Mtaa wa Wanoa Visu. Katika mji huu mtu haoi, hatahiriwi wala haombolezwi ipasavyo mpaka mimi niwe nimesimama juu ya sufuria. Treni ya Andijan husimama kituoni kwetu kupita muda ulioandikwa, na wageni hudhani ni mambo ya injini. Injini ni nzima. Ni dereva anayenusa. Kuna gavana mmoja, jina nalihifadhi, aliyekataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kile kingemhamisha mbali na mwiko wangu. Nayasema haya si kwa kujigamba, ila upate kupima ni mtu wa uzito gani mliyemkosea.

Shauri lenyewe ni hili. Nimejaliwa mjukuu wa kwanza, wa kiume. Amezaliwa Korea, mji wa Ansan, ambako mwanangu Bahrom anachomelea vyuma kiwandani na mkewe yuko naye. Kwetu babu ndiye anayemwadhinia mtoto sikioni na kumtamkia jina lake, ili sauti ya kwanza kuingia katika kichwa kile iwe ya ukoo wake. Baba yangu alimfanyia Bahrom hivyo. Mimi sikuwa na namna ya kufika Korea, kwa kuwa ubalozi wao ulininyima viza, na naamini wenye migahawa ya kule walihusika. Imamu wetu, Domla Nizomiddin, alinishauri kwa upole kwamba baba wa mtoto yuko palepale na mdomo anao. Nikamjibu kwamba mdomo anao kweli, lakini koo la ukoo huu ninalo mimi. Basi kabla mtoto hajazaliwa nikalipia huduma yenu pamoja na hicho kisambaza waifai, ili adhana yangu ifike Ansan ikiwa bado ya moto.

Haikufika. Iliyoingia sikioni mwa mtoto ni adhana ya Mkwe Mamasoli, baba mzazi wa mke wa mwanangu, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu wa Andijan.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili baadaye msije mkasema hamkuelewa.

1. Mahali kilipofungwa.

Nyumba yetu ni ya kizamani: ua wa nje wa wageni, ua wa ndani wa familia, na katikati ukuta wa udongo aliousimamisha babu yangu. Unene wa ukuta ule ni kwamba tetemeko la ardhi liliwahi kuja, likaugusa, likaomba radhi, likapitia kwa jirani. Ruta yenu ilikaa ua wa nje penye waya wa barabarani, na mtandao wake ukashindwa kuupita ukuta, jambo ambalo sikulishangaa. Ndipo fundi wenu akaleta kisahani cheupe, akavuta waya mpaka ua wa ndani, akaniambia, "Baba, ruta inaleta, hiki kinagawa." Nilimwelewa kabla hajamaliza. Ruta ni mpishi, kisahani ni mwandaaji anayezungusha masinia.

Kosa lake ni kukitundika kwenye dari ya baraza, kikiwa kitupu, macho ya kila apitaye yakikiangukia. Nikamuuliza kama kwao bibi arusi huanikwa juu ya paa. Akasema lazima kiwe mahali pa wazi ndipo kifanye kazi. Nikamwambia katika nyumba hii vitu vyote vizuri hufanya kazi vikiwa vimefunikwa, kuanzia wali. Akacheka, akakusanya bisibisi zake, akaenda.

Nami nilikuwa na ushahidi kwamba kinavuja. Hoshim mnoa visu, jirani yangu wa nyuma ya ukuta, nilimpa neno la siri kwa ujirani, ili akija kwangu kunywa chai asikae mpweke. Siku mbili hazijapita nasikia yuko kwake, kitandani, anatazama mieleka kwa mtandao wangu. Maana yake ulikuwa unapanda juu na kumwagikia upande wa pili wa ukuta, kama mvuke. Na mpishi akiona mvuke unatoka, haitishi mkutano. Nilikishusha kisahani, nikakilaza ndani kwenye shubaka, juu ya sanduku la arusi la mke wangu Saodat, nikakifunika kwa beseni la shaba, nikalizungushia beseni kitambaa cha tarizi, juu yake nikapanga mifarishi ya kulalia wageni. Ndivyo tunavyoufunika wali mwishoni ili uive kwa pumzi yake wenyewe. Nilitegemea baada ya muda nikifunua nitakuta mtandao umeshikana vizuri.

Matokeo: simu ikiwa chumba hichohicho ilionyesha kijistari kimoja, na barazani hata hicho hakikuwepo. Sasa nawauliza. Kwenye karatasi yenu ya maelekezo mmechora bafu limepigwa mstari mwekundu, mmechora jua limepigwa mstari, mmechora mvua imepigwa mstari. Beseni la shaba hamkulichora. Mfarishi hamkuuchora. Mtu aliyezitazama picha zile zote kwa makini, tena kwa miwani, angejuaje?

2. Simu ya huduma kwa wateja.

Nilipiga. Ikapokea mashine, ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwenu, jambo nililokuwa nalijua. Ikanipigia muziki mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akaja binti mmoja, Gulbahor, ambaye kwa adabu yake nasema wazi kwamba mshahara wake hautoshi. Akaniuliza taa ya kisahani ina rangi gani. Nikamwambia siioni, iko chini ya beseni.

Akauliza, "Beseni, baba?"

"Beseni, mwanangu. Na juu yake kitambaa, na juu ya kitambaa mifarishi."

Akaniomba nisubiri, na kwa mbali nikasikia ofisi yenu nzima ikikohoa. Kama kuna ugonjwa hapo kwenu, Ndugu Mkurugenzi, uangalieni mapema.

Nilipofunua nikakuta taa ina rangi ya karoti. Nikamwambia hivyo. Akauliza, karoti ya njano au karoti nyekundu? Hapo nikajua binti huyu ametoka nyumba yenye sufuria, maana pilau ya kwetu hutiwa zote mbili. Nilipomjibu nyekundu, akasema taa hiyo ni dalili kwamba kisahani hakipati kitu kutoka kwenye ruta, akaniuliza waya nimeuchomeka wapi. Kile kijisanduku chenu cha umeme kina vitundu viwili vinavyofanana kama mapacha, kimoja cha kuelekea ruta, kimoja cha kuelekea kisahani. Nilipohamisha vitu nilichomeka kisahani kwenye kitundu cha kulia, maana kulia ndiko kwenye heshima. Kumbe mmekiwekea kushoto. Kushoto, Ndugu Mkurugenzi. Mkono wa kusafishia samaki. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukibahatisha kifaa cha namna hiyo hata akae nacho mwaka mzima.

Nikabadilisha. Kisha akaniambia nizime halafu niwashe. Hapo niliumia. Mimi nilipokuwa jeshini huko Chita niliitengeneza redio ya kanali kwa kijiko cha matundu cha kuopolea nyama, ikashika Australia, kanali akasikiliza hali ya hewa ya makangaruu mpaka akatokwa na machozi. Mtu wa historia hiyo anaambiwa azime, awashe. Nilizima. Nikawasha. Nakubali kilikuja kijani. Lakini hilo si tiba ya kiungwana. Ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa afumbe macho, afumbue, aende zake.

3. Kile kitundu.

Haikupita wiki, simu za nyumbani zikawa zinakiona kisahani lakini kinazikataa. Nikarudi kwenye karatasi yenu. Pale kuna mchoro wa mkono usio na mwenyewe, umeshika sindano, unachoma kitundu kidogo. Sasa nyumbani kwetu sindano iliyo tayari wakati wote ni muhuri wa mkate, ule wa mbao wenye sindano nyingi unaotoboa ua katikati ya mkate kabla haujaingia tanurini. Na nyinyi wenyewe mlikitengeneza kisahani kile cha duara, kimevimba pembeni, kimebonyea katikati, rangi ya unga. Mkono ukajiendea. Nilikigonga katikati, tena vizuri, kama ninavyomwona Saodat akifanya kila asubuhi.

Taa zote zikapepesa, kisha kikasahau kila kitu. Kikasahau neno la siri. Kikasahau jina langu. Kifaa kinachokula umeme wa nyumba yangu kikaanza kujitangaza mtaani kwa herufi na namba kama gari la magereza. Saodat alikuja akasimama, akakitazama kilivyotobolewa, akasema, "Baba Bahrom, bado kukipaka ufuta tu." Mke wangu ni mtu mwema, lakini anatoka Rishtan, na watu wa huko hufinyanga vyungu na maneno kwa mkono uleule.

4. Jina, neno la siri, na namna ya kukalisha wageni.

Fundi wenu akarudi. Akautoa unga kwenye matundu kwa brashi, bila kuuliza swali, na kwa hilo namshukuru, akakirudisha kisahani darini. Akataka jina la mtandao. Nikampa: Abduvohid Mpishi Mkuu wa Bonde Zima la Fergana. Kisahani kikakataa, kikasema ni refu, kikalikata katikati. Tangu siku hiyo mtu yeyote akifungua simu mtaani kwetu anasoma "Abduvohid Mpishi Mkuu wa Bonde Z". Hoshim ameuliza mbele za watu kama Bonde Z ni kambi ya jeshi, na kama kule wanajeshi wanakula au wamekatazwa.

Kuhusu neno la siri nitasema kwa kifupi. Katika mji huu mgeni akibisha mlango hatumuulizi neno. Anafunguliwa, anakalishwa, anawekewa mkate na chai, na habari zake anaulizwa akishashiba. Mnaniambia niwe na nyumba yenye mtandao halafu niwafungie watu? Neno la siri nililitangaza mwenyewe kwenye nyumba ya chai, mara moja kwa sauti ya kawaida na mara ya pili kwa wale wenye masikio mazito. Mtaa mzima ukaingia. Sikulalamika. Nilisema waje, sufuria yangu haijawahi kuishiwa.

Ninacholalamikia ni kwamba kisahani chenu hakijui kukalisha wageni. Kwetu mkubwa hukaa mbele kabisa, mbali na mlango, na mdogo hukaa karibu na viatu. Kisahani chenu kinamkalisha yeyote. Vijana wa kona ya juu wanatazama mpira, picha inateleza kama siagi. Domla Nizomiddin, mtu wa ndevu nyeupe, akitaka kusikiliza mawaidha anamwona shehe amekatika vipandevipande kama nyama ya kukaanga. Na mimi mwenye nyumba, mwenye waya, mwenye jina lililokatwa, mwenyewe nimekalishwa penye viatu. Nilipomweleza fundi, akasema kifaa hakijui umri wa mtu. Basi kifundisheni. Kama kinaweza kumtambua Hoshim akiwa amelala nyuma ya ukuta wa babu yangu, kitashindwaje kutambua ndevu?

5. Siku yenyewe.

Hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Siku ya kumwadhinia mtoto nilipika. Niliwaalika wazee wote wa mtaa waje kushuhudia, nikawaingiza mpaka ua wa ndani kilipo kisahani, jambo ambalo Saodat alilinunia, kwa sababu ua huo ni wa familia. Nilipitisha tangazo mtaa mzima kwamba mpaka shughuli iishe kila mtu azime simu yake, na asiyezima asije kuniomba ukoko wa sufuria maisha yake yote. Walizima. Hata Hoshim alizima, akanionyesha.

Nikavaa joho langu la mistari. Nikakaa mbele, wazee nyuma yangu. Kwenye simu pakafunguka madirisha matatu: Kokand, Ansan na Andijan. Mkwe Mamasoli alikuwa amevaa tai, na nyuma yake kabati la vitabu, vimepangwa ili vionekane. Tukasalimiana. Aliniuliza afya yangu, ya Saodat, ya mizabibu, yote kwa utaratibu wake ule wa kufundisha, na akasema, "Karibu, mkwe, mtoto anakusubiri wewe." Bahrom akaisogeza simu kwenye sikio la kulia la mtoto.

Nikaanza. Takbira ya kwanza ikaenda. Baada ya hapo, giza. Kioo cheusi kama kitako cha sufuria.

Nilipangusa simu. Wazee wakaanza kutoa ushauri, huyu akisema iinue juu, yule akisema ipigwe kidogo mgongoni. Mpaka tumerudi hewani, mambo yalikuwa yamekwisha. Bahrom alinieleza kwamba walinisubiri. Mkwe Mamasoli ndiye aliyesema wanisubiri, tena akasema mara ya pili. Lakini mtoto akaanza kulia njaa, mama yake akasema hatamnyonyesha kabla ya jina, na Mkwe Mamasoli akaona hana njia. Akaadhini, akakimu, akatamka jina. Na jina alilotamka ni Egamberdi, jina la baba yangu mzazi, lile nililolichagua mimi. Alimwambia Bahrom, "Hili ndilo alilotaka mzee wa Kokand, tusilibadilishe hata herufi."

Usiharakishe kusema basi tatizo liko wapi, kama alivyosema mke wangu. Jina ni letu, sauti ni ya Andijan. Wewe umeshawasikia watu wa Andijan wakisema? Wanalivuta neno kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Mtoto amefunguliwa sikio kwa sauti hiyo. Atakapoanza kusema, ataanza kwa kuvuta. Nitakuwa nimekaa hapa Kokand na mjukuu anaitwa kwa jina la baba yangu, na kila akitamka jina lake mwenyewe nitamsikia mwalimu wa hesabu.

Na hata adabu ya mkwe huyu imenidhuru. Angenipora jina, ningekuwa na ugomvi, na ugomvi ningeshinda. Sasa amenifanyia wema mbele ya mashahidi, na sina la kumfanya.

6. Nyumba ya chai.

Unajua watu wa bonde hili walivyo. Pilau ikiliwa lazima utani ufuate, na utani wa kwetu ni mashindano: mmoja anatupa, mwingine anadaka na kurudisha, na anayekosa jibu ndiye aliyeshindwa. Mimi sijawahi kukosa jibu. Kuna mcheza utani wa Margilan niliyemjibu akaacha kazi hiyo akaenda kufuga nyuki, na nasikia hata nyuki anaogopa kuwachokoza.

Ijumaa iliyofuata Hoshim alingoja nikae, akangoja nimiminiwe chai, akasema, "Kaka Abduvohid, nasikia adhana yako imezuiwa forodhani Korea. Wanataka kujua kama ina nyama."

Wakacheka. Hoshim akaongeza kwamba siku hizi tusishangae, pilau ikiungua tutaambiwa ni mtandao. Mzee mmoja ambaye hajawahi kufanya utani tangu enzi za shamba la pamoja la pamba akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama Bonde Z liko upande wa Andijan.

Nilikunywa chai yangu. Ndugu Mkurugenzi, nilikunywa chai yangu nikatazama majani. Sijaenda tena nyumba ya chai tangu Ijumaa hiyo, na karamu mbili zimepita nimesema mgongo unaniuma. Mtu anayeogopa kutaniwa hawezi kusimama juu ya sufuria, kwa sababu juu ya sufuria ndipo watu wanapokutazama.

Kwa hayo yote, naomba kampuni yako itende haki kama ifuatavyo.

Iandikwe barua rasmi, yenye muhuri wa wino wa bluu, itamke kwamba siku ile saa ile kisambaza waifai chenu kilijikata chenyewe kwa sababu za kiufundi, na kwamba Abduvohid Egamberdi alikuwa anaadhini vizuri na bila kusita. Barua hiyo nitaitundika kwenye nyumba ya chai, juu ya birika kubwa, mahali ambapo Hoshim hawezi kukaa asiione.

Aidha kampuni itume Andijan ujumbe wa watu wazima, wenye kofia na adabu, wabebe mkate na halua ya Kokand kama wanavyokwenda washenga, wakae kwa Mkwe Mamasoli, wanywe chai, kisha wamwombe airudishe adhana. Namna adhana inavyorudishwa mimi siijui, lakini nyinyi mna idara ya ufundi. Kama ilipita kwenye waya kwenda, kuna mtu hapo kwenu anayejua inavyorudi.

Na kama haya yatawashinda, basi lifanyike moja la mwisho: kampuni imlete mtoto Kokand kwa gharama zake, na wazazi wake. Nitamshika mwenyewe. Nitamwadhinia kwa mdomo wangu, kwenye sikio lake, bila ruta, bila kisahani, bila dirisha la Andijan. Mkifanya hilo, hata kile kifaa nitakifutia deni la lawama, na siku hiyo ofisi yenu yote itakula hapa kwangu, pamoja na wale wanaokohoa.

Naomba jibu mapema, kabla mtoto hajaanza kusema.

Nifikishie salamu kwa mke wako na watoto, kwa mlinzi wa lango ambaye alinizuia kwa heshima nilipokuja kukuona, kwa binti Gulbahor na wazazi waliomlea, kwa fundi wenu pamoja na brashi yake, na kwa yule mama wa ndani ya mashine anayesema simu yangu ni muhimu. Mwambieni ndiye peke yake aliyelitambua hilo bila kuambiwa. Hapa kwetu sote tuna afya. Mizabibu imechipua. Nakutakia kazi njema na taa za kijani.

Wako katika kudai haki,
Abduvohid Egamberdi,
Mpishi wa Karamu.

Nyongeza: Mke wangu Saodat ndiye mwenye mwandiko unaosomeka, na barua hii ameiandika yeye huku nikimtajia. Amekataa kuifunga mpaka niongeze mistari hii, na bahasha anazo yeye.

Siku ile taa ilikuwa ya kijani. Asubuhi yake, nilipokuwa jikoni, Saodat aliondoa mifarishi, kitambaa na beseni nilivyokuwa nimekifunikia tena usiku ili kisivuje, akakirudisha kisahani darini palepale alipokitundika fundi wenu. Picha ilikuwa safi, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Niliziona kucha za mtoto. Niliyaona masikio, yamechomoza mbele kama ya marehemu baba yangu, lile la kushoto limekunjika juu vilevile. Nilisema takbira ya kwanza. Nikaanza kulia, na wala haikuwa kulia kwa heshima, machozi kuteleza shavuni polepole. Kilio kilikuja na kamasi. Mkwe Mamasoli alikuwa ananitazama usoni, na nyuma yangu walikaa wazee wote wa mtaa wakisubiri. Nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kukatia simu kwa dole gumba, nikajipangusa uso kwa mkono wa joho kana kwamba ni jasho la jikoni, nikageuka, nikawaambia mtandao umekata.